Kumwaga oili ya gari mwenyewe nyumbani: mwongozo kamili kwa sisi wa Mbeya na nyanda za juu

Wadau, hii ni kwa mtu mwenye gari ndogo ya petroli, hasa hizi Toyota tulizozijaza huku, IST, Vitz, Spacio, Raum, Premio, na anataka kumwaga oili mwenyewe pale pale uani kwake. Mfano wangu utakuwa IST ya cc 1500 yenye injini ya 1NZ-FE mana ziko nyingi sana barabarani huku kwetu, ila hatua ni zile zile kwa karibu gari zote, kinachobadilika ni saizi ya spana, kiasi cha oili na mahali filta ilipokaa.

Sababu yangu kubwa ya kufanya mwenyewe sio hela, ni kujua. Ukimwaga mwenyewe unajua ni oili gani imeingia, imeingia kiasi gani na filta imebadilishwa kweli. Nimeshaona gari mwenyewe ana risiti ya filta mpya mkononi, ukiinama chini filta iliyofungwa ina kutu na vumbi la msimu mzima mpaka maandishi hayasomeki. Na hizi injini zetu haziwezi kuvumilia huo mchezo, 1NZ inatumia cheni ya taimingi na ile tenshena inayoikaza cheni inasukumwa na presha ya oili, VVT-i (mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka) nayo inafanya kazi kwa oili hiyo hiyo. Oili ikikaa muda mrefu ikawa tope, au ikipungua, vitu vya kwanza kulalamika ni hivyo, unaanza kusikia cheni inapiga kelele asubuhi ukiwasha, na hapo gharama sio ya oili tena.

Kabla ya yote tafuta sehemu tambarare

Kwa mtu wa Mbeya hili naliweka mbele ya spana na jeki. Mji wetu umekaa kwenye miteremko, Isyesye, Itiji, Forest, Iganzo, ua nyingi zinaonekana tambarare kwa macho lakini sio. Na utambarare unahitajika mara mbili kwenye kazi hii. Kwanza ni usalama wako ukiwa chini ya gari. Pili ni kipimo, dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili) inasema ukweli gari ikiwa imelala sawa tu, ukipima gari ikiwa imeinamisha pua unaweza kusoma imejaa kumbe pungufu, au ukasoma pungufu ukaongeza mpaka ikapitiliza.

Azima pima maji ya fundi ujenzi, ilaze juu ya ubao ulionyooka, pima usawa wa urefu wa gari alafu pima na upana. Huna pima maji, chukua chupa ya maji yenye ubavu ulionyooka, ijaze ubakishe povu dogo la hewa, ilaze juu ya ubao, povu litakimbilia upande ulio juu. Ukishapata sehemu weka alama kabisa za matairi na uwe unapimia hapo hapo kila siku. Kama kwako hakuna kabisa, nenda kaombe kwa jirani mwenye sakafu ya zege, ni bora kuliko kulazimisha.

Chini pawe pagumu. Udongo wetu mwekundu kipindi cha mvua, Novemba mpaka Aprili huko, unaonekana umekauka juu lakini jeki ikibeba uzito inazama polepole, kwahiyo weka ubao mpana mnene chini ya jeki na chini ya stendi.

Oili gani

Fungua kitabu cha gari au angalia kwenye kifuniko cha oili, nyingi wameandika hapo hapo. Kwa 1NZ nzima isiyokula oili, 5W-30 ndio ya kwanza, 10W-30 nayo inafaa. Ile namba ya mbele yenye W ndio inaonesha oili inavyotembea ikiwa ya baridi, na ya nyuma ni uzito wake injini ikishapata moto. Huku kwetu namba ya mbele tunaipuuzia sana wakati sisi ndio inatuhusu. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi Uyole, Mbalizi au Njombe unawasha gari nje baridi ni ya kuvaa koti, Makete na Kitulo mpaka barafu inalala kwenye majani. Ukiwa na 20W-50 gari itawaka ndio, ila oili inachelewa kufika juu kwenye kemushafti (shafti inayofungua valvu) na hizo sekunde za mwanzo ndio injini inasagika. 20W-50 ina kazi yake kwenye injini iliyochoka inayopunguza oili, mtu wa Kyela kwenye joto pia anaweza kuielewa, lakini usiiweke kwa sababu tu muuza duka kasema nzito ndio nzuri.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye kopo ni herufi za API, zinazoonesha kiwango cha oili. Kwa petroli tafuta SN au SP, hiyo SP ilianza 2020. Herufi zinazoanza na C kama CI-4 ni za dizeli, hizo muachie mwenye Hilux au Hiace ya dizeli.

Feki zipo, tusidanganyane. Nunua duka ambalo likiuza kitu kibovu unajua pa kurudi, iwe Mwanjelwa, Mafiati au kwenye mji wako, sio kwa mtu anayepita na kopo mkononi. Angalia sili ya kifuniko kama haijaguswa, angalia namba ya toleo kama imepigwa kwenye kopo na inasomeka, na ukimaliza kopo lako litoboe kabla ya kulitupa mana makopo matupu masafi ndio yanarudi sokoni yakiwa yamejazwa uchafu.

Filta usibane hela. Ndani ya filta nzuri kuna ule mpira unaozuia oili isirudi chini ukizima gari, filta mbovu inaachia yote usiku na asubuhi injini inawaka kavu. Nenda dukani na jina la injini, sio jina la gari tu, mana IST zipo za cc 1300 na 1500, na Spacio au Premio injini ni tofauti tofauti kabisa. Nunua na washa (ringi ya kuzibia) mpya ya nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni kitu kidogo sana ila ndio kinachozuia kuvuja.

Vifaa

Spana ya pete au soketi namba 14 kwa IST na Toyota nyingi ndogo, usitumie spana ya mdomo wala plaiz, zinakula kona za nati. Spana ya filta, iwe ya kikombe, mkanda au mnyororo. Jeki na stendi mbili. Beseni la chini lenye kubeba lita 6 au zaidi, au chukua dumu la lita 20 ulikate ubavuni, linakaa vizuri sana chini ya gari. Faneli, au shingo ya chupa ya maji iliyokatwa na kuoshwa ikakaushwa kabisa. Glavu za mpira, matambaa, maboksi ya kutandika chini, tochi. Glavu sio urembo, oili iliyotumika ina vitu vinavyohusishwa na saratani ya ngozi na mafundi wetu wanaiogea miaka yote, wewe usianze.

Kupasha moto na kuinua gari

Oili ya baridi ni nzito na uchafu unakuwa umelala chini ya sampu. Endesha gari dakika kumi hivi, kwa asubuhi ya baridi endesha hata kumi na tano, alafu paki sehemu yako, zima, subiri dakika kumi. Unataka oili ya vuguvugu inayotiririka, sio ya kuunguza mkono, na bomba la eksozi liwe limepoa mana liko karibu na hapo utakapoweka mkono.

Weka gia ya P, kama ni manyuo weka gia namba moja, vuta hendbreki, weka vizuizi vya mbao au mawe yaliyokaa vizuri mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Inua mbele kwa kuweka jeki kwenye ule ukingo wa chini wenye alama, usiweke jeki kwenye sampu wala kwenye bati la sakafu. Weka stendi, shusha gari ikalie stendi, alafu isukume kwa mkono uone kama inacheza. Ikicheza anza upya.

Hapa naomba nisikilizwe. Usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama ni kuokota spana tu. Na usiweke tofali. Tofali zetu za kuchoma zinaonekana ngumu lakini zikibeba uzito kwenye kona zinapasuka ghafla bila kuonya, zile za saruji nazo hivyo hivyo. Kama huna stendi na huna wa kuazima, pandisha matairi mawili ya mbele juu ya mbao nene pana zilizopigiliwa pamoja, gari ikiwa imesimama kwenye matairi yake yenyewe. Kwa RAV4 na gari za juu mara nyingi huhitaji hata kuinua.

Kumwaga

Fungua boneti, legeza kifuniko cha oili juu ya injini na uchomoe dipstiki kidogo, hewa iingie oili ishuke kwa kasi. Geuza hicho kifuniko uangalie chini yake. Ukikuta ute mweupe mweupe kama mtindi usikimbilie kulia kwamba gasketi imekufa, huku kwenye baridi gari inayotembea safari fupi fupi, nyumbani Ilomba mpaka kazini Kabwe na kurudi, injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu kwahiyo maji yanaganda pale juu. Futa, alafu angalia maji ya rejeta kama yanapungua. Maji hayapungui na oili kwenye dipstiki sio ya maziwa, ni baridi tu. Ila kama maji yanapungua na oili yote imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, acha kazi, hilo ni la fundi.

Sasa ingia chini utafute nati ya sampu. Sampu ni lile bakuli la chuma lililo chini kabisa ya injini, na nati iko sehemu ya chini yake. Hakikisha hushiki ya giaboksi, kuna watu wameshamwaga oili ya gia wakajaza oili ya injini juu ya ile ya zamani, na kwenye Subaru ndio inatokea zaidi. Kwenye gari ya otomatiki ukifungua ukaona inatoka nyekundu au pinki, rudisha nati hapo hapo, hiyo sio ya injini.

Weka beseni, lisogeze kidogo kuelekea upande nati inakoangalia mana oili inaanza kwa kuruka mbali, ikipungua inadondoka wima, na kama kuna upepo ule wa mchana itapeperushwa, zungushia boksi. Legeza nati kinyume cha saa ukiwa umeitazama uso kwa uso. Ikishalegea achana na spana, malizia kwa vidole huku unaisukuma kwa ndani, ukisikia nyuzi zimeisha ivute kwa haraka pembeni, hivyo mkono haulowi na nati haitumbukii kwenye beseni.

Acha itiririke mpaka ibaki matone, robo saa hivi usiwe na haraka, na wakati inashuka itazame. Weusi peke yake sio ubaya, oili inayosafisha lazima iwe nyeusi. Chukua tone isugue kati ya vidole viwili juani: ukisikia mchangamchanga au ukaona vimeremeta vya chuma, hiyo injini inasagika mahali. Inuse, ikinuka petroli sana huenda kuna silinda haichomi vizuri. Futa nati kwa kitambaa cheupe uangalie kama imebeba vipande. Hii dakika moja ndio inakupa habari ya injini yako ambayo kwa fundi hungeipata.

Futa mdomo wa sampu, toa washa ya zamani (wakati mwingine imeng'ang'ania kwenye sampu na mtu anaweka mpya juu yake), vika mpya, rudisha nati kwa vidole peke yake mpaka igote. Ikikataa kuingia kwa vidole usilazimishe na spana, itoe uianze tena, ukiipindisha nyuzi umeharibu sampu. Ikigota kaza kwa spana fupi, mkono mmoja, mvuto mmoja wa nguvu ya kawaida. Mwenye tochi renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa 1NZ ni kama Nm 37. Watu wengi wanakosea kwa kukaza sana, sio kwa kulegeza.

Filta

Sogeza beseni chini ya filta, ilegeze kwa spana yake, malizia kwa mkono, itamwaga oili kidogo. Ikigoma kabisa tafuta spana ya mnyororo, ile ya kuchoma bisibisi katikati ya filta iwe ya mwisho kabisa mana ikichanika hujashika kitu tena. Ikishatoka angalia mdomo wake kama ule mpira wa duara umetoka nayo. Angalia kwa macho, pitisha na kidole kule ilipokuwa imekaa. Mpira wa zamani ukibaki kule ukafunga filta mpya juu yake, ukiwasha oili yote inatoka nje kwa presha na unaweza kumaliza injini kabla hujafika barabarani.

Paka oili mpya kwa kidole kwenye mpira wa filta mpya, kama imekaa mdomo juu unaweza kuijaza kidogo oili kabla. Zungusha kwa mkono mpaka mpira uguse, kuanzia pale uliposikia umegusa ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Spana ya filta ni ya kufungulia. Baadhi ya Toyota mpya mpya zina filta ya karatasi ndani ya kikombe cha plastiki, hizo unabadilisha karatasi na mipira yake yote inayokuja kwenye boksi.

Kujaza

Shusha gari ikae kwenye matairi yote manne. 1NZ ukibadilisha na filta inachukua lita 3.7. Na kopo tunalonunua ni la lita 4. Unaona tatizo lilipo, mtu anamimina kopo zima kwa kuogopa kubakiza. Oili ikizidi sana kranki (shafti kubwa inayozunguka chini ya injini) inaichapa inakuwa povu, pampu inavuta povu badala ya oili, presha inashuka na sili zinaanza kuvuja, kwahiyo kuzidisha sio wema.

Mimina lita 3 na kidogo, subiri dakika chache ishuke, pima. Rudisha kifuniko, washa bila kukanyaga mafuta. Taa nyekundu ya birika, ile ya presha ya oili kwenye dashibodi, itakaa sekunde chache izime, isipozima zima gari mara moja. Iache iungurume dakika mbili huku unamulika tochi kwenye nati na kwenye filta, zima, subiri dakika kumi, vuta dipstiki, futa, ingiza mpaka mwisho, vuta tena usome. Itakuwa imeshuka kidogo mana filta imekunywa. Ongeza kidogo kidogo mpaka ifike karibu na alama ya juu, isipite. Kilichobaki kwenye kopo funga uweke kwa ajili ya kuongezea, usikipeleke kwenye pikipiki, bodaboda nyingi klachi yake inaogelea kwenye oili hiyo hiyo na inataka yenye alama ya JASO MA, ukiweka ya gari klachi inateleza.

Hiyo taa ya birika inawachanganya wengi, wanasema taa haijawaka kwahiyo oili ipo. Inapima presha, haipimi ujazo. Oili inaweza kupungua sana na taa ikanyamaza barabara ya tambarare, alafu unapandisha Kawetere kwenda Chunya, au unatoka Dar unapanda Kitonga, oili inakimbilia nyuma ya sampu, pampu inavuta hewa, taa inamulika kwenye kona katikati ya mlima nyuma yako kuna semi. Vuta dipstiki kabla ya milima.

Andika kilomita na tarehe kwenye karatasi, bandika ndani ya mlango. Oili ya kawaida kwa matumizi yetu, vumbi, milima na safari fupi za baridi, mimi namwaga kwenye kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, hata kama kopo linaahidi zaidi.

Oili chafu

Iache ipoe, imimine kwenye dumu lenye kifuniko kizima, uandike OILI CHAFU kwa herufi kubwa mana watoto na madumu ya maji na mafuta ya kula vyote viko nyumba moja. Filta iinamishe ichuruzike usiku kucha ndani ya beseni. Usimwage mtaroni, mitaro yetu inashuka moja kwa moja mpaka kwenye vijito na huko chini ndio watu wanamwagilia mboga tunazokuja kununua sokoni. Usichomee taka. Gereji kubwa nyingi zinakusanya oili chafu, ulizia. Wanaopaka nguzo za uzio kuzuia mchwa nawaelewa, ila isiwe karibu na kisima wala bustani.

Asubuhi yake kabla hujawasha, tandika boksi safi chini ya injini, pima tena oili ikiwa ya baridi. Ukikuta tone kwenye boksi, futa nati na filta, endesha kidogo, mulika uone linatokea wapi. Kama ni kwenye nati, mara nyingi ni washa, na kuibadilisha inabidi umwage tena kwenye beseni lililooshwa na kukaushwa vizuri, oili bado mpya unaichuja kwa kitambaa kisafi unairudisha. Usijaribu kumaliza kuvuja kwa kukaza zaidi na zaidi.